Siku ya Tatu Mpe Jembe

Historia ya wageni wa Ngara na Biharamulo, toka misafara ya hongo hadi utalii wa mashambani

Oktoba 1861 msafara wa Mwingereza John Hanning Speke uliingia Usui ukiwa hoi. Ulikuwa umeiacha Zanzibar mwaka mzima nyuma yake, ukavuka Ugogo, ukapumzika Unyanyembe, kisha ukakwama Uzinza, ambako kila mtemi alidai haki yake kabla ya kufungua njia. Wapagazi walikuwa wakitoroka usiku kwa usiku. Speke mwenyewe alikuwa ameugua kifua hadi akakaribia kukata tamaa. Mmoja wa walioushikilia msafara huo usisambaratike alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru na kuwa kiongozi wa misafara mwenye sifa.

Usui ni matamshi ya watu wa msafara. Wenyeji waliita nchi zao Rusubi na Bushubi, na leo ardhi hiyo imegawanyika kati ya wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera. Mtawala wakati huo aliitwa Suwarora. Speke alitaka mambo mawili kwake: apite upesi kwenda Karagwe kwa mtawala wake Rumanika, na aonane naye uso kwa uso. Upesi haukupatikana. Watu wa ikulu walikuja kuhesabu masango ya waya, vitambaa na shanga, wakasema havitoshi, wakaondoka, wakarudi kuhesabu tena. Siku zilikwenda. Msafara ulipoachiwa kuelekea Karagwe mwezi Novemba, hongo ilikuwa imelipwa, lakini uso wa Suwarora Speke hakuuona.

Leo neno hongo linanuka rushwa. Enzi zile lilikuwa jina la ada halali: malipo ya mpita njia kwa mwenye nchi, kwa ajili ya maji aliyokunywa, kuni alizookota, na amani aliyolala nayo. Vitabu vya wasafiri vimetuachia picha ya watemi walafi waliowachuna wageni. Tukiisoma habari ileile tukiwa upande wa ikulu, tunaona jambo jingine. Suwarora alikaa kwenye lango la barabara ya kwenda Karagwe na Buganda, barabara ya pembe za ndovu na nguo. Yeye ndiye aliyepanga mgeni apite wapi, akae siku ngapi, alipe nini, na aone nini. Mgeni aliondoka akinung'unika, na mwenyeji akabaki na mali.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu historia ya Ngara na Biharamulo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya wageni. Nchi hii iko njiani. Imepakana na Rwanda na Burundi, mto Kagera unaipitia pembeni, na kila kizazi kimeona kundi jipya likishuka kilimani na mizigo yake. Wengine walikuja kupita, wengine kutawala, wengine kujificha, wengine kuchimba. Sasa wanatajwa wageni wa aina mpya: watalii wa utamaduni na wa mashambani, watu wanaotaka kuona mgomba unavyotunzwa, rubisi, pombe ya ndizi, inavyokamuliwa, mzinga unavyopandishwa mtini. Ili kujua kama wageni hao watakuwa neema, yafaa kuuliza wale wa zamani walituachia nini.

Jembe la Warongo

Misafara iliyopita Usui na Uzinza ilikuta nchi yenye kiwanda chake. Warongo, mafundi wa chuma wa Uzinza na maeneo ya jirani, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma porini, mbali na vijiji, wakati wa kiangazi. Mkaa ulitoka kwenye miti migumu ya miombo. Tanuri lilijengwa kwa udongo. Mivukuto ya ngozi ilipulizwa kwa zamu, na kazi yote ilizungukwa na miiko ambayo mafundi hawakuivunja. Kilichotoka humo, baada ya kupondwa na kufuliwa, kilikuwa majembe.

Jembe hilo lilisafiri mbali. Lilifika Usukuma, ambako lilipokelewa kama mahari. Lilibadilishwa kwa mbuzi, nafaka na chumvi. Lilikuwa chombo cha kazi, na papo hapo lilikuwa fedha. Kwa hiyo mwenyeji wa Usui hakumngoja mpita njia akiwa mikono mitupu. Alikuwa na bidhaa yake, aliyoijua kuliko mtu mwingine yeyote, na watu walikuja kuifuata.

Waswahili wana methali ambayo kila mtoto anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitamka kwa nia ya kumkumbusha mgeni aondoke. Lakini ukitafakari, kumpa mtu jembe si kumfukuza. Anayepewa jembe ameingizwa katika nyumba. Anapelekwa shambani, anaonyeshwa mpaka, anafundishwa lipi gugu na lipi zao, na jioni anakula alichosaidia kukilima. Siku mbili za kwanza anatazama. Siku ya tatu anaanza kujua. Methali hii itatufaa mbele.

Wageni wasiopiga hodi

Tarehe 2 Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyeondoka Pangani mwishoni mwa mwaka uliotangulia, alivuka mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo na kuingia Rwanda. Mahali hapo, ambapo leo ni mpaka wa Ngara, mto Ruvubu hujiunga na Kagera, kisha maji yote yanabanwa kwenye mwamba na kuanguka kiasi cha mita 15 kwa kishindo kinachosikika kabla maporomoko hayajaonekana. Miaka saba baadaye Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Majimaji vilipozuka.

Watu wa aina yake walipofika, zama za hongo zilikwisha. Mwelekeo wa malipo uligeuka: sasa aliyekuja ndiye aliyemtoza aliyemkuta. Ilikuja kodi ya nyumba, zikaja kazi za lazima, na mwanzoni mwa karne ya 20 likajengwa boma la Biharamulo, juu ya kilima, kuta nene, mahali pa kuona nchi upande wote. Boma hilo lipo mpaka leo, na kwa vipindi limetumika kulaza wageni. Mtu akisimama uani mwake anaelewa bila kuelezwa kwamba aliyelijenga alikuwa na hofu na watu aliokuja kuwatawala.

Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Biharamulo. Vita vilipokwisha ramani ilichorwa upya. Rwanda na Burundi zilikwenda kwa Ubelgiji, Tanganyika ikaenda kwa Uingereza, na Bugufi, nchi ya Wahangaza ambayo chini ya Wajerumani ilihesabiwa upande wa Burundi, ikaangukia Tanganyika. Madai ya kuirudisha Burundi yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Wahangaza walijikuta raia wa nchi moja huku lugha yao ikielewana na Kirundi ng'ambo ya kilima. Shangazi yuko huku, mjomba yuko kule, na bendera mbili zinapepea katikati.

Hata hivyo, katika enzi hiyohiyo ya kutawaliwa, wakulima wa Bugufi walijishikia jambo lao. Kahawa ya arabika ilipandwa chini ya migomba, na mwaka 1936, miaka mitatu tu baada ya wakulima wa Kilimanjaro kuanzisha ushirika wao wa KNCU, Bugufi nayo ilipata ushirika wake wa kahawa. Ulikuwa miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa vya ushirika vya Waafrika Tanganyika. Watu wa kilimani waliweza kukusanya mazao yao pamoja na kuyauza kwa jina lao. Jambo hilo lisisahaulike, maana tunapoambiwa leo kwamba vijiji vya pembezoni haviwezi kuendesha biashara yake vyenyewe, Bugufi ilikwishajibu karibu miaka 90 iliyopita.

Daraja la Rusumo

Kabla hata ya Uhuru wa Tanganyika, wageni wa aina nyingine walianza kuvuka. Machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 na yaliyofuata yaliwaleta Watutsi waliokimbia na ng'ombe wao, na Ngara ikapata makazi ya wakimbizi ya Muyenzi. Wakaja Warundi, kwa mafungu, kila nchi yao ilipowaka moto. Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi na jembe kwa maana halisi ya maneno hayo, na mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ukarimu huo.

Kisha ikaja Aprili 1994. Kuanzia tarehe 28, siku chache tu kabla ya kutimia miaka mia moja tangu Götzen avuke hapo kwenda Rwanda, watu walivuka Rusumo kuja huku. Kwa makadirio ya UNHCR ya wakati ule, watu wapatao 250,000 waliingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Daraja lilifunikwa na vichwa, magodoro, baiskeli na mbuzi. Chini yake, kwa majuma mengi, mto ulipitisha miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari, ikishuka kuelekea Ziwa Victoria. Wazee wa Ngara walioyaona hayo huinamisha macho wanapoyataja.

Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakageuka kambi iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Kitali, Lukole. Wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Mkulima aliyekuwa na migomba alipata soko na vibarua. Jirani yake alivuniwa mihogo usiku. Vilima vilibaki vipara kwa sababu ya kuni. Katika mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo wanyama waliwindwa kwa ajili ya nyama hadi yakabaki karibu matupu.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na kambi ya Lukole ya Warundi ilifungwa mwaka 2008. Kilichobaki kilikuwa mchanganyiko. Kilibaki kituo cha Radio Kwizera, kilichoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Kwizera maana yake ni tumaini, na sauti yake ilisikika hewani hata baada ya mahema kuondoka. Zilibaki silaha pia, na ujambazi. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita katika misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye bunduki, abiria wakifunga mapazia na kuomba kimoyomoyo. Yalibaki makovu ardhini, na maarifa moyoni: Ngara inajua kupokea watu. Ni sehemu chache duniani zilizowahi kumpokea mgeni kwa wingi ule na kwa ghafla ile.

Lakini tuseme ukweli. Katika kumbukumbu za dunia, Ngara imeandikwa kama mahali palipotokea mambo ya watu wengine. Mwandishi wa habari alikuja, akapiga picha ya hema, akaondoka. Aliyeandaa chakula, aliyetoa shamba, aliyebaki na kilima kisicho na mti, hakuulizwa jina.

Miaka ileile, huko Arusha

Wakati Ngara imejaa mahema, katikati ya miaka ya 1990, jambo dogo lilikuwa linaanza upande wa pili wa nchi. Katika vijiji kama Ng'iresi, Longido na Mto wa Mbu, wanakijiji, wakisaidiwa na shirika la maendeleo la Kiholanzi la SNV na Bodi ya Utalii Tanzania, walianza kuwapokea watalii waliozoea kuwapita mbio wakielekea Serengeti. Waliwatembeza kwenye mashamba ya migomba na kahawa, wakawapikia, wakawaeleza habari za ukoo, dawa za miti na mifugo. Sehemu ya ada iliingia kwenye mfuko wa kijiji, ikasaidia shule na miradi mingine. Mpango huo uliitwa Utalii wa Utamaduni, na Waholanzi walipoondoka, vijiji viliendelea.

Mkoani Kagera mfano ulio karibu zaidi uko Katuruka, Maruku, nje ya Bukoba. Hapo, mahali paitwapo Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma, masimulizi ya Wahaya yanasema mfalme Rugomora Mahe aliamuru mnara wa chuma ujengwe kufika mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyeanza kuchimba hapo mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuta mabaki ya uhunzi wa zaidi ya miaka 2,000. Matokeo yalikwenda kwenye vitabu vya vyuo vikuu, huku kijiji kikibaki na mashimo yaliyofukiwa. Kisha ukimwi, ambao Kagera iliuona mapema kuliko mikoa mingine, tangu mwaka 1983, ukachukua wazee waliokuwa maktaba ya masimulizi hayo pamoja na wana ambao wangeyarithi.

Takriban mwaka 2008 wenyeji wa Katuruka walimwita Schmidt arudi, safari hii kwa masharti yao. Wao ndio walioamua nini kihifadhiwe, wao ndio waliohoji wazee wao wenyewe kabla hawajaondoka, wao ndio waliojenga upya nyumba ya kaburi la mfalme na kupanga njia ya mgeni. Wanawake, ambao masimulizi mengi yalihifadhiwa na bibi zao, waliingia kwenye uongozi. Mgeni analipa, anatembezwa, anasimuliwa. Mtaalamu aliyekuwa mwenye swali amekuwa msaidizi, na kijiji kimekuwa mwenye jibu.

Siku ya kukamua

Ngara na Biharamulo hazijapata watalii wengi. Wanaofika ni wachache, na wengi wao wako njiani. Rusumo wanashuka kwenye gari, wanapiga picha ya maporomoko, wanagonga pasi kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa na marais Magufuli na Kagame Aprili 2016, wanaondoka. Malori ya kutoka Dar es Salaam yanapita mchana na usiku. Kinachobaki kijijini ni vumbi, na fedha za chai na chapati.

Lakini nchi yenyewe ina mengi ya kumkalisha mtu. Tuchukue siku moja tu shambani, siku ya kukamua rubisi.

Kazi inaanza siku kadhaa kabla. Mikungu ya ndizi za pombe inakatwa ikiwa mibichi, inavundikwa shimoni kwa majani makavu ya mgomba na moto wa taratibu, hadi maganda yageuke njano na harufu tamu ianze kupenya udongoni. Asubuhi ya siku yenyewe, bibi na wajukuu wanamenya. Ndizi zinarundikwa kwenye mtumbwi uliochongwa kutoka gogo zima, sawa na ule wa kuvukia mto, ila huu umelala chini ya migomba. Vijana wananawa miguu hadi magotini. Majani makavu yanachanganywa na ndizi ili zikamatike, kisha wanakanyaga, mikono imeshika mti uliowekwa juu kama nguzo ya kuegemea, miguu ikipanda na kushuka kwa mpigo mmoja. Mwanzoni ni uji mzito unaong'ang'ania vidole. Baada ya muda maji yanaanza kujitenga, ya rangi ya asali, na nyuki wanafika kabla mtu hajawaita.

Maji hayo yakichujwa huwa kinywaji cha watoto na cha wasiokunywa pombe. Yanayobaki yanaongezwa maji kiasi, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba, na kazi inaachiwa usiku. Kesho yake povu limepanda. Anayejua anaweka sikio karibu na kusikiliza kabla ya kuonja, kwa sababu rubisi inayochemka vizuri ina sauti yake. Kisha kibuyu kinazungushwa, na mpangilio wa nani anywe kwanza ni somo zima la adabu, la nani mkwe, nani mzee, nani aliyekuja na habari.

Haya yote ni maarifa. Kuna kujua mgomba upi ni wa kupika, upi wa kuchoma na upi wa pombe, wakati kwa jicho la mgeni yote ni migomba. Kuna kujua mahali pa kupanda kahawa ili ipate kivuli bila kunyang'anywa maji. Kule Biharamulo, kwenye miombo, kuna wafuga nyuki wanaojua mti gani utachanua mwezi gani, na mzinga uwekwe juu kiasi gani usifikiwe na moto wa msituni. Kuna ng'ombe wenye pembe ndefu ambao mchungaji anawaita mmoja mmoja kwa rangi zao. Kuna wasusi wa vikapu. Tangu mwaka 2007 WomenCraft, iliyoanzia Ngara, imekuwa ikiuza nje vikapu vya wanawake wa ukanda huu wa mpakani. Mzungu wa mbali anakinunua kikapu na kukitundika ukutani. Fikiria angekaa mchana mmoja mkekani kando ya aliyekisuka, akajaribu mwenyewe kupeleka nyuzi, akaona kidole kinavyouma.

Huo ndio utalii wa mashambani. Mgeni anakaa, analala, anakula kinacholimwa hapo, anatia mkono, analipa. Unampendeza mwenyeji kwa sababu hauhitaji ajenge hoteli kwanza. Unahitaji choo safi, maji yaliyochemshwa, kitanda chenye chandarua, mtu wa kutafsiri, na bei iliyokubaliwa kabla.

Masharti ya mwenyeji

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Wanyama walionusurika wakati wa kambi wanapewa nafasi ya kuzaana tena. Karibu yake, ndani ya Ziwa Victoria, kuna Rubondo, kisiwa ambacho mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek alikipelekea sokwe kutoka Ulaya katika miaka ya 1960. Barabara za lami zimefika. Ng'ambo ya mto, Rwanda inapata fedha nyingi kwa wageni wake, na tangu 2005 imetenga fungu la mapato ya hifadhi kwa vijiji vilivyopakana nazo, asilimia 5 mwanzoni, kisha 10 kuanzia 2017. Mlango umefunguka, na wageni wataanza kuonekana.

Hapo ndipo historia inapotaka kusikilizwa, kwa sababu wageni wengine wako hapahapa wakitukumbusha. Dhahabu ya Tulawaka, Biharamulo, ilichimbwa na kampuni kubwa kuanzia 2005, na mwaka 2013 mgodi ukakabidhiwa shirika la serikali la STAMICO. Nikeli ya Kabanga, Ngara, imekuwa ikipimwa na kuahidiwa kwa miongo. Mali ya chini ya ardhi ina siku yake ya kuisha, na mwenye shamba juu yake huwa na neno dogo sana katika mkataba. Mali ya mgomba haiishi namna hiyo. Ukikata mkungu, chipukizi liko ubavuni.

Utalii nao unaweza kuwa kama mgodi. Kampuni ya mbali inaweza kuleta basi, kuwapanga akina mama wapige vigelegele kwa nusu saa, kuwarushia noti chache na kuondoka na mengine yote. Ngoma inaweza kukatwa vipande kutosha picha. Tambiko linaweza kuuzwa na kijana asiyejua maana yake, wakati mzee anayeijua amekaa nyuma ya nyumba hajaitwa. Vijiji vingi vya nchi hii vimeyaona hayo, na utamaduni ukishafikia hapo hata watoto wa nyumbani huacha kuuheshimu.

Kwa hiyo masharti yawekwe mapema, na yawekwe na wenyeji. Waamue kipi kinaonyeshwa na kipi si cha macho ya mgeni, kama Warongo walivyolinda tanuri lao. Waweke bei moja kijiji kizima, ili jirani asimkate jirani. Mapato yaingie kwenye chama chenye daftari linalosomwa mbele ya mkutano, kama la ushirika wa kahawa lilivyopaswa kusomwa. Nyumba zipokee kwa zamu, ya mjane nayo iwe kwenye orodha. Vijana wakusanye masimulizi ya wazee sasa, kwa simu walizonazo mfukoni, maana Katuruka imetuonyesha jinsi maktaba ya kichwani inavyozikwa bila kelele. Na habari za 1994 zisifichwe. Zisimuliwe kwa heshima na watu wa Ngara wenyewe, pale Rusumo na pale Benaco, kwa sababu wao walikuwapo na wana haki ya kusema walichotoa.

Asubuhi, ukungu unapokuwa bado umelala kwenye bonde la Ruvubu, mwenye nyumba wa Bugufi hutoka na majembe. Siku ya tatu ya mgeni, hutoka nayo mawili. Wanaingia chini ya migomba, kwenye safu za kahawa. Anamwonyesha gugu lenye mizizi mirefu, anamwonyesha jinsi ya kupita kando ya shina bila kulijeruhi. Baada ya safu moja mgeni ana malengelenge na anacheka. Bibi analeta ndizi zilizopikwa na maharage, wanakaa kwenye majani, wanaulizana habari za watoto. Jioni fedha zinahesabiwa mezani, zinaandikwa daftarini, mgeni anaweka sahihi.

Suwarora angelielewa daftari hilo mara moja. Mgeni amepita katika nchi yake na amelipa hongo kamili. Ila huyu, tofauti na Speke, anaondoka akiwa ameuona uso wa mwenyeji.